Mtani wa Laini ya Iringa

Miaka mitatu nilimtania mwanaume ambaye sikuwahi kumtia machoni, kila siku isipokuwa Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimevaa sweta mbili. Serikali ilinilipa kwa kupima laini. Kejeli niliongeza mwenyewe, bure.

Nilikuwa opereta wa simu Mbeya mjini. Mbele yangu palikuwa na bodi yenye matundu mengi, mikononi nyaya za kuchomeka, masikioni hedifoni iliyobana mpaka mtu akasahau ana kichwa. Mtu wa Mbeya akitaka kuzungumza na mtu wa Iringa alipitia kwangu: nachomeka waya, naita Iringa, opereta wa kule anamtafuta anayetafutwa. Kabla wateja hawajaamka ilikuwa lazima tuhakikishe laini iko hai.

"Iringa, Mbeya hapa. Unanipata?"

"Nakupata, Msukuma. Punguza sauti, hapa hakuna ng'ombe wa kuswaga."

"Napaza sauti kwa sababu mbwa wanabweka huko kwenu. Au mmeshawala wote?"

"Kabaki mmoja. Tumemfunga, tunangoja uje mgeni wetu."

Huyo ndiye Yohane Kalinga, Mhehe wa Mlandege, mtaa wa Iringa mjini. Siku ya kwanza aliponiuliza jina, nikamwambia Mbuke binti Budeba, alisema kwa upole kabisa kwamba amenionea huruma, na je, ugonjwa huo nilizaliwa nao? Nikamjibu. Mimi si mtu wa kunyamaza. Baba husema niliota ulimi kabla ya meno. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Baba mwenyewe, aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Usukuma mpaka bonde la Usangu nikiwa mtoto, hakushangaa nilipomsimulia. Alisema Mnyamwezi na Mhehe ni watani tangu enzi za mababu, na Msukuma ni ndugu wa Mnyamwezi, kwa hiyo mlango uko wazi, nisimwonee haya.

Mwezi wa sita na wa saba ukungu wa Mbeya hushuka kutoka mlima Loleza, ukatandaa mjini, ukaegemea vioo vya chumba chetu. Ungedhani dunia imefutwa, tumebaki sisi na bodi na taa zake ndogo. Nilikuwa nafumba macho. Waya ulikuwa na mvumo wake, mwembamba, usiokoma, na ndani ya mvumo huo zilipita sauti za watu wa mbali, Njombe au Songea, sijui, wakizungumza mambo yasiyonihusu: mahindi yamefika, mtoto ameota jino, mwambie asije. Kisha Kalinga akaingia katikati yao, nami nikaanza kujenga. Nilimjengea nyumba Mlandege kwa maneno aliyonipa: mlango wa bluu, mpera uani, ngazi tatu za mawe. Nilimpa urefu na ndevu, kwa kuwa alisema anazo. Yeye naye alinipa mwili mkubwa, maana Msukuma gani ni mwembamba? Sikumsahihisha, ingawa upepo wa Iyunga, nilikopanga chumba, ulikuwa ukinisukuma njiani kama karatasi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama yake, aliyeitwa Tekla, nami nikamwita Mama Tekla, akitoka sokoni alipita ofisini kumletea mwanawe chakula, na Kalinga akamvisha hedifoni. Sheria ya kazi ilikataza. Dada Alinanuswe, mkuu wa zamu yetu, Mnyakyusa ambaye hakuna kilichompita, kwa dakika hizo mbili alikuwa na shughuli ya kutazama dirishani.

"Kamwene, mtani," Mama Tekla alinisalimu kwa Kihehe, kwa sauti ya juu, maana aliamini Mbeya ni mbali na sauti ndogo itachoka njiani.

"Mwangaluka, mama."

"Hiyo ni salamu au umepiga chafya?"

"Ni Kisukuma, mama. Lugha ya watu waliooga."

"Haya. Umekula? Huyu ananiambia wewe ni pande la mtu, lakini mimi naisikia mifupa kwenye sauti."

Nitasema wazi. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa, kabla hatujahama. Walinipeleka kwa shangazi kijiji cha pili ili nisione, na niliporudi walikuwa wameshazika, wameshanyoa nywele, wamerudi shambani. Sikuoneshwa hata kaburi. Tangu hapo hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekula, isipokuwa huyo mwanamke wa Ijumaa. Nilianza kuingoja Ijumaa tangu Jumamosi.

Mwezi wa tano nilimtumia kwa basi mfuko wa michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvikausha sisi. Ijumaa iliyofuata Kalinga alifungua laini kwa sauti ya kanisani.

"Msukuma, Mama amekufa."

Moyo ukanipasuka.

"Alikula michembe yako. Kaacha wosia kwamba ushitakiwe." Na nyuma yake nikamsikia Mama Tekla akicheka mpaka akakohoa.

Basi, hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Mwezi wa saba, Jumanne, ukungu ukiwa umetanda hata nguzo ya mbele ya ofisi haionekani, niliita Iringa kama kawaida. Kalinga alipokea, lakini hakusema habari za ng'ombe.

"Mbuke," alisema. "Mama amekufa."

"Tena? Mwambie safari hii afe polepole, mimi niko zamu mpaka saa nane. Na yule mbwa wa matanga msimmalize, mniachie mkia."

Nikacheka. Nilicheka sana, nikijikunja kwenye kiti, kicheko cha asubuhi ya baridi ambacho humpasha mtu joto. Upande wa pili kulikuwa na mvumo wa waya tu.

"Haya," Kalinga alisema. Kisha akatoka kwenye laini.

Sikuona kitu. Hata kwamba ameniita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu tufahamiane, halikunigutusha. Nilifanya kazi huku nikitabasamu, nikitunga maneno ya kumtupia kesho yake.

Saa nne Iringa wakaita. Alikuwa opereta mwingine, mwanamke, akitaka namba moja ya Iyunga. Nikachomeka, nikaita, mtu akapokea. Utaratibu wetu ni kusikiliza mpaka uhakikishe wameshikana, kisha unatoka. Nikasikia sauti ya mwanaume ikisema: "Shemeji, poleni. Tekla wa Mlandege ametutoka, alfajiri ya leo. Ni kifua. Tunazika kesho saa tisa."

Nilichelewa kutoka. Nilisikia maongezi yote, na sheria ikanisamehe.

Walipomaliza niliita Iringa mwenyewe, nikamwomba yule mwanamke anipe Kalinga. Akasema Kalinga hayupo. Alikuja asubuhi, akavaa hedifoni, akapima laini ya Mbeya peke yake, akavua, akaondoka. Wenzake hawakuelewa kwa nini amekuja kazini siku kama ile.

Mzaha mzaha hutunga usaha. Niliujua msemo huo tangu shuleni, na sikuwahi kudhani unanihusu. Mtu amefiwa alfajiri, amejikokota mpaka kazini, amenitamkia habari ile kwa mdomo wake, nami nikamwomba mkia wa mbwa. Niliona kabisa jinsi asubuhi zangu zitakavyokuwa baada ya hapo: "Iringa, Mbeya hapa, unanipata?" "Nakupata." Na basi. Watu wawili wakipima waya. Hilo lilinitisha kuliko kutukanwa, kwa kuwa katika Mbeya yote, pamoja na wapangaji wenzangu na wafanyakazi wenzangu wema kabisa, sikuwa na mtu mwingine niliyekuwa wa kwake. Na yule aliyekuwa akiuliza kama nimekula alikuwa amelala kwenye sanda.

Nilimwendea Dada Alinanuswe kuomba ruhusa ya siku mbili.

"Utakwenda kufanya nini?" aliniuliza. "Humjui hata sura."

"Kumwomba radhi, dada."

"Radhi haiombwi makaburini. Unataka mfiwa aache kulia aanze kukubembeleza wewe?" Alikuwa tayari anaandika kikaratasi. "Kwetu Unyakyusa mtu haendi msibani mikono mitupu. Anakwenda na kazi. Kuni, maji, ndizi, kuchimba kaburi. Jiulize kazi yako ni ipi."

Nikachukua kikaratasi.

Kesho yake nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, nikakaa dirishani. Ukungu ulitusindikiza mpaka tulipoteremka kuelekea Chimala, kisha ukakatika ghafla, na kushoto likafunguka bonde la Usangu, pana, la rangi ya nyasi kavu, na vumbi la ng'ombe mahali fulani mbali, labda wa baba, labda wa mwingine. Kando ya barabara zilikwenda nguzo za simu. Sikuwa nimewahi kuzitazama. Nyaya zilishuka na kupanda, zikashuka na kupanda, mpaka nikawa sijui kama ni sisi tunaokwenda au ni zenyewe. Humo ndimo nilimopita kila asubuhi, kufumba na kufumbua, nikiwa sauti tupu. Sasa mwili ulikuwa unafuata nyuma na ungechukua saa nane nzima. Nilisinzia, nikaota nimo ndani ya waya, na watu wa Njombe na Songea wananipisha, wakisema pita, pita, wewe una msiba.

Niliamshwa na harufu ya misonobari ya Sao Hill. Hapo ndipo maneno ya Dada Alinanuswe yalipokaa sawa kichwani. Kazi ninayo. Nilimwona baba akiifanya utotoni, kwa watani wake. Mtani msibani ndiye pekee asiyelia. Wenye msiba wakizama, yeye huwavuta. Huigiza mwendo wa marehemu, huzuia maiti isizikwe mpaka apewe kitu, husema yale ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Lakini baba alijulikana na kila mtu pale. Mimi nilikuwa nakwenda kwa watu ambao hawajaniona, kumchezea maiti wao, mbele ya mtoto niliyemcheka. Akininyooshea kidole tu, wangenitoa kwa fimbo, na wangekuwa na haki.

Mlandege nilifika saa nane na nusu. Niliulizia nyumba ya Mama Tekla, nikaonyeshwa nyumba yenye mlango wa kahawia. Mpera haukuwepo. Ngazi ilikuwa moja, tena ya udongo. Nilisimama nikiitazama kwa hasira, maana nilikuwa nimeishi katika ile nyingine miaka mitatu. Jirani aliyebaki kulinda masufuria akaniambia watu wameshakwenda makaburini, akaninyooshea njia.

Walikuwa wengi. Jeneza lilikuwa chini, kando ya kaburi, na katekista alikuwa akimalizia sala. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande mmoja. Wale wa ukoo walikuwa wamefungwa kitambaa cheupe mkononi, kipande kilichobaki kwenye sanda. Nilifumba macho kama nilivyozoea na kutega sikio. Wanaume waliitikia sala, sauti nzito na nyembamba, za wazee na vijana, na yake haikuwemo. Nikafumbua macho nikatafuta mrefu mwenye ndevu. Walikuwepo watatu. Nikamnong'oneza mama mmoja, "Yohane ni yupi?"

"Yule, mwenye koti la kuazima," alisema. "Hajafungua mdomo tangu jana asubuhi. Hata kulia hajalia. Tunamwogopea."

Alikuwa mfupi, kidevu kitupu, amesimama kwenye kichwa cha kaburi akitazama udongo. Nilimpita karibu kabisa na hakuniona, na kwa nini anione? Katekista alifunga kitabu. Wanaume wanne waliinama kushika kamba.

Nilikwenda nikakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ikining'inia ndani.

Wale wanne walibaki wameinama na kamba zao.

"Dada," katekista alisema, "toka hapo."

"Sitoki. Huyu mama hazikwi." Nilishika udongo wa ukingoni kwa mikono miwili. "Nimetoka Mbeya kwa basi, sijapewa hata maji ya kunawa, nakuta Wahehe mnakimbiza mazishi ili muwahi kula. Mimi ni Msukuma. Nataka jogoo, tena mwenye mkia mrefu. Bila jogoo, humu nitalala mimi."

"Huyu ni nani?" mzee mmoja aliuliza. Watu waligeuka. Wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ananijua, na mzee akaanza kunijia na fimbo yake. Nilimtazama Kalinga. Alikuwa bado anatazama udongo.

Ilibaki njia moja. Niliugeukia upande wa jeneza, nikaweka mikono mdomoni, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, vilevile kama Mama Tekla kwenye simu, kwa kuwa safari hii yeye ndiye aliyekuwa mbali.

"Kamwene, mama. Umekula?"

Mwanamke mmoja mkekani alicheka, kicheko kilichokatika katikati, kisha akaziba mdomo kwa khanga. Baadaye nilijua ni Bibi Benedicta, mdogo wake marehemu. Wa pili akacheka. Walikuwa wanamjua Tekla na kelele zake. Mzee mwenye fimbo alisimama.

"Mtoeni."

Niliijua sauti hiyo kabla haijamaliza neno. Ilikuwa nzito, yenye usingizi kidogo, na bila mvumo wa waya nyuma yake ilikuwa karibu mno mpaka nikaona aibu. Kalinga alikuwa ameinua kichwa, ananitazama kuanzia miguu iliyoning'inia mpaka kitambaa cha kichwani.

"Miaka mitatu," alisema, "miaka mitatu nimetishwa na kitu hiki? Nilidhani ni mtu, kumbe kifaranga. Mtoeni kabla mwewe hajapita, tusije tukawa na misiba miwili."

Watu walicheka. Walicheka kwa nguvu, huku wengine machozi yakiwatoka, na katekista akageuza uso upande.

"Kwani unamjua?" mzee aliuliza.

"Ni mtani wangu. Nilimpa habari yeye kwanza, kabla yenu nyote. Nilikwenda ofisini kwa ajili hiyo." Akameza mate. "Akacheka. Nikasema haya, hiyo ndiyo kazi ya mtani, basi anakuja. Mpeni jogoo wake."

Jogoo niliahidiwa mbele ya mashahidi. Nilisimama, nikapangusa sketi, nikawapisha wenye kamba. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimeifanya vizuri, na nafsi yangu ilikuwa nyepesi kama ya mtu aliyetua mzigo. Jeneza likashuka taratibu. Kalinga alichota udongo kwa mkono, akaurusha, ukalia juu ya mbao.

Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia kwa mtu wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa nimewahi kumsikia mama akizikwa. Kitu kikaniponyoka kifuani. Nilijaribu kukirudisha, nikauma khanga, nikainama, na kikatoka tu, kwa sauti, mbele ya Wahehe wote. Nililia mpaka nikakaa chini.

"Mtani halii," wanawake walisema kutoka mkekani. "Mtani, we mtani, unaharibu." Mmoja alinidai jogoo wake arudi. Walikuwa na haki, ndiyo sheria. Nilitaka kuwajibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ulimi haukunyanyuka.

Kalinga alikuja akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kujaa, na machozi yalipodondoka hakuyafuta.

"Huyu utani umemshinda," aliwaambia watu, kwa sauti ileile ya asubuhi. "Mwondoeni kwenye utani. Mpelekeni akakae na wafiwa."

Bibi Benedicta alifungua kitambaa chake cheupe, akakichana katikati kwa meno, akanifunga kipande mkononi bila kuniuliza jina. Juliana, dada yake Kalinga, akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi. Nikakaa, tukamlilia mama yetu mpaka udongo ukaisha.